Ukuta Mlangoni Pangu

Watu wa huku wakitaka kunifurahisha huniambia kwamba mjukuu wangu alikuwa na bahati. Wanalisema neno hilo wakiwa wamekaa kwangu, wanakula muthokoi wangu wa mahindi na maharagwe, na mimi nawaangalia tu. Bahati ni ya mtu aliyeokota kuku njiani. Mjukuu wangu hakuokota kazi. Aliishika kwa meno huku watu wakimvuta miguu, na baadhi ya waliomvuta ndio hawa wanaoniomba niwaongezee mboga.

Kwa hiyo nitaeleza mwenyewe. Shule niliionja kidogo, nikatolewa nikachunge mbuzi wa baba yangu, na hao mbuzi hawakunipa cheti. Lakini kuandika ninaweza, polepole, na hasira ninayo ya kutosha kufika mwisho wa ukurasa.

Huyo msichana ni mtoto wa kwanza wa mwanangu. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo jina lake ni langu. Baba yake, ambaye alikuwa akifanya kazi mbali na kuja nyumbani Krismasi, humwita "mama" bila kucheka. Nilimlea mimi. Ukimtukana yeye umenitukana mimi, na mimi nikitukanwa sina tabia ya kwenda kanisani kuliombea jambo hilo.

Alisoma mpaka chuo kikuu kule Nairobi, akasomea mambo ya maji na ujenzi. Alipomaliza alirudi Kasikeu akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi, na hapo ndipo nilipowajua majirani zangu. Mtu anapita njiani, anamwona analima na mimi, anasimama makusudi. "Kumbe na digrii inapalilia?" Mwingine anauliza kama huko chuoni walimfundisha kushika jembe kwa mkono wa kulia ama wa kushoto. Yeye anacheka nao. Mimi sikucheka hata siku moja.

Halafu akapata kazi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, mradi wa maji wa makanisa, ofisi iko Makindu. Walijenga kuta za mawe kwenye mito ya mchanga. Msiojua mito yetu niwaambie: ni mchanga mtupu, unatembea katikati ya mto na viatu vyako vikavu. Maji yako chini. Ukiyataka unachimba shimo, unalizungushia miiba ng'ombe wasiingie, na hilo ni shimo la nyumba yako. Huteki kwa shimo la mtu bila kumwomba. Wakati wa kiangazi mashimo yanakwenda chini mpaka mwanamke anazama mzima, unaona tu mkono ukitoa kibuyu. Sasa ukijenga ukuta kukata mto, mafuriko yakija yanaleta mchanga mwingi unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo, jua haliwezi kuyanywa. Jambo zuri. Ila linataka ukuta ukae juu ya mwamba, kama jino linavyokaa kwenye taya.

Bosi wake, mzee mmoja wa ofisi mwenye kalamu tatu mfukoni, alimpa mto wetu. Mnafikiri ni heshima? Mto huo kila mtu wa ofisi alikuwa ameukimbia kwa sababu ya kelele za kamati ya maji ya kijiji. Akamwambia, "Wewe ni mtoto wa huko, watakusikia. Kamati ikikukubali na ukuta ukisimama, nitakuthibitisha kazini. Wakikukataa, urudi kwenu. Bahati nzuri kwenu si mbali." Aliyasema hayo kwa mtoto wa watu siku yake ya kwanza, anakoroga chai. Msichana alikuja akanieleza kama mzaha. Mimi nilijua ametupwa kwa mbwa, tena mbwa wa kijiji chake, ambao ndio wanakuuma bila kubweka.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee wa kanisa letu, mwenye posho mill, mashine ya kusaga unga, na mwenye michungwa. Hiyo michungwa ilikuwa karibu na kivuko, pale ng'ombe na mikokoteni huvukia. Na ukuta aliutaka pale kivukoni. Alikuwa ameshatangaza kanisani, na watu walikuwa wameshaitikia amina, kwa hiyo kwake mambo yalikuwa yamekwisha.

Msichana alifika mtoni asubuhi na nondo ndefu na nyundo, na wanaume wawili wa ofisi. Alivaa suruali. Wanawake wa mwethya, hicho kikundi chetu cha kusaidiana kazi, walikuwa wamekaa kwenye ukingo wanasuka viondo wakimngojea, na mmoja akasema kwa sauti, "Huyo dereva wa lori ametoka wapi?" Wakacheka mpaka wakaangusha nyuzi. Walimjua vizuri. Wengine walimpangusa kamasi akiwa mtoto.

Akapigilia nondo pale kivukoni. Ikazama. Akasogea, ikazama. Akaangalia kingo, zote mbili ni tambarare, udongo laini. Alisema ukuta ukijengwa hapo maji yatauzunguka upande na kula shamba la mtu. Akapanda na mto akipigilia, mpaka akafika pale mto unapopinda, na hapo nondo ikalia kama kengele. Mwamba, kutoka ukingo huu mpaka ule, na kingo zenyewe ni mawe.

Kwenye hiyo kona, mbele ya mlango wangu, ndipo palipokuwa na shimo langu la maji.

Jioni alikuja jikoni akakaa juu ya kinu kama alivyokuwa akifanya tangu utoto. "Susu," akaniita, ndiyo nyanya kwa Kikamba, "mwamba uko kwako."

Nikamwambia Mungu ameyaona magoti yangu.

"Ingekuwa heri ungekuwa kwa mtu mwingine yeyote," akasema. Na hakula.

Sikumwelewa. Mtu amekuta maji mlangoni kwa nyanya yake na anakataa chakula. Nilielewa siku ya mkutano.

Mkutano ulifanywa pale pale konani, watu wakisimama kwenye mchanga. Msichana akaeleza habari ya mwamba, akaeleza vizuri, kwa Kikamba, bila kuchanganya maneno ya vitabu. Akawapa wanawake nondo wapigilie wenyewe, kivukoni na hapa. Wakapigilia. Wakaona. Na mwenyekiti akangoja wamalize, akavua kofia, akasema kwa upole ule wa watu wanaoomba sana:

"Nondo ni yake. Nyundo ni yake. Na huu mwamba, watu wetu, umejua wenyewe njia ya kwenda kwa nyanya yake."

Watu walicheka. Ninawakumbuka mmoja mmoja jinsi walivyocheka. Mwingine akadakia, "Chuo kikuu ni kizuri. Kinakufundisha kuteka maji bila kuamka mapema." Mwanamke mmoja, ambaye nilimshika mkono akijifungua, akasema na yeye angesomesha mjukuu kama angejua maji hufuata digrii. Basi kila mtu akawa na lake. Hakuna aliyesema nondo imedanganya. Waliona mwamba kwa macho yao, na bado walipendelea kuamini wizi, kwa sababu kama ni wao wangeiba.

Nikasimama. Nilimwambia mwenyekiti kwamba kama mwamba umenifuata mimi, basi kivuko kimeifuata michungwa yake. Nikamwuliza mbele ya watu, machungwa yake yamebatizwa lini mpaka yanywe maji ya kanisa. Nilikuwa na mengine ya kusema, nilikuwa nimeyapanga kama kuni.

Yeye akatabasamu. "Mmesikia? Sasa injinia amezungumza. Huyu mdogo ni wa kushika nondo tu."

Na watu wakacheka zaidi. Ndipo mjukuu wangu akanigeukia.

"Susu, nenda nyumbani."

Sikuamini ni mimi ninaambiwa. Kwetu mtoto hamfukuzi nyanya yake, hata nyanya akiwa amelewa, na mimi pombe sijui ladha yake. Nikabaki nimesimama.

"Tafadhali, Susu. Nenda."

Nikajifunga lesso yangu nikaenda.  Lakini nyumbani kwangu ni hatua chache kutoka hapo, na ua wangu ni wa miti ya manyara tu. Nilisimama nyuma yake nikasikia kila neno.

Aliwaambia hivi. Ukuta utajengwa hapa kwa sababu mwamba uko hapa, na asiyetaka aende akaseme hivyo Makindu, yeye hatajenga kivukoni hata akifutwa kazi. Nyuma ya ukuta, kila nyumba iliyobeba mawe itapewa mahali pake pa kuchimba shimo. Kila nyumba isipokuwa ya nyanya yake. Shimo lake la sasa litafunikwa na mchanga wa mafuriko, na hatapewa jingine hapa. Yeye atateka kule chini, kivukoni.

 Kisha yule mwanamke niliyemzalisha akauliza, na sauti yake haikuwa tena ya mzaha, "Wewe mtoto, utamnyima nyanya yako maji?"

"Simnyimi maji. Namnyima njia fupi."

Mwenyekiti alirudisha kofia kichwani. Angesema nini? Neno lake lote lilikuwa ni mimi, na mimi nilikuwa nimeondolewa mtoni. Kamati ikakubali hapo hapo. Waliinua mikono nikiona vidole vyao juu ya manyara.

Hakuwa ameniuliza. Hilo ndilo ambalo sikulimeza. Alipoingia nyumbani nilikuwa nimeshaamua maneno.

"Umeniuza."

"Susu, hawangenyamaza."

"Ungewaacha wapige kelele. Kelele haibomoi ukuta."

"Inazuia kujengwa." Alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kukaa juu ya kinu. "Walitaka kitu. Sikuwa na kitu kingine cha thamani cha kuwapa."

Nilimwambia atoke jikoni mwangu. Alitoka. Tulikaa siku nyingi tukisalimiana kama watu wa ofisi.

Lakini mawe nilibeba. Nani angesema nyumba yangu haikubeba mawe? Mwethya ikiitwa kila nyumba hutoa mtu, na mimi nilitoka alfajiri mbele ya vijana, jiwe kichwani, mdomo umefungwa. Wanawake walikuwa na wimbo wao wa suruali ya dereva wa lori, wakiuimba wakipanga mstari, na yeye alikuwa anaitikia kibwagizo. Mimi sikuitikia.

Nitasema alivyofanya kazi, maana hilo wanaokuja kunisifia bahati hawalitaji. Walichimba mchanga mpaka mwamba ukaonekana, na fundi akaanza kupanga mawe na simiti. Siku moja yeye alikuwa ameitwa Makindu, na aliporudi alikuta mstari mzima umeshapangwa. Akashuka kwenye mtaro, akapitisha kidole chini ya jiwe, kidole kikatoka na vumbi. Mwamba haukuwa umeoshwa. Akasema mawe yote yaondolewe.

Fundi akatupa mwiko. Wanawake wakaweka karai chini. Yale mawe walikuwa wameyatoa mlimani kwa vichwa vyao, na simiti ilikuwa imeanza kushika. "Jasho letu ni mchezo wako?" wakamwuliza. "Vumbi kidogo litafanya nini? Hata nyumba zetu zina vumbi." Na mwenyekiti alikuwa hapo hapo, hakukosa, akasema Jumatatu mwethya ingekuwa na faida zaidi shambani kwake, kuna matuta ya kuchimba.

Wengine walianza kuondoka. Yeye hakubembeleza mtu. Alishuka, akashika sururu, akaanza kubomoa peke yake. Jiwe moja, anatupa juu. Jingine, anatupa juu. Mikono yake si ya sururu, mimi naijua, ilichubuka mara moja. Nilikuwa kwenye ukingo, bado nimemkasirikia, na nilijiambia sishuki. Sikushuka. Aliyeshuka ni fundi, kwa aibu, halafu yule mwanamke niliyemzalisha, halafu wengine. Waliondoa mstari wote. Kisha yeye akapiga magoti na brashi na karai ya maji, akausugua mwamba kama sufuria iliyoungua.

Bosi alifika na gari akamkuta hivyo hivyo, matako juu. "Injinia hafui mawe," akamwambia mbele ya watu.

"Huu usipooshwa, ukuta utateleza."

"Na muda unaopotea?"

"Umepotea jana, mawe yalipopangwa vibaya." Hakuinua hata kichwa. Bosi alirudi ndani ya gari.

Mvua za Novemba zilikuja kwa kishindo mwaka huo. Mto ulishuka mchana, tulisikia ukinguruma kabla hatujauona, na watu wote wakakimbilia ukingoni. Wanasema walikuja kuombea ukuta. Walikuja kuuona ukianguka. Mwenyekiti alisimama na mwavuli. Maji mekundu yalikuja na matawi na ndama wa mtu, yakaupiga ukuta, yakapanda, yakapita juu yake kama blanketi. Mjukuu wangu alikuwa amesimama karibu nami, na kwa mara ya kwanza tangu mkutano ule alinishika mkono.  Niliuacha mkono ushikwe. Sikuubana.

Maji yalipopungua ukuta ulikuwa pale, na nyuma yake mchanga ulikuwa umepanda. Shimo langu na miiba yake havikuonekana tena. Michungwa ya mwenyekiti haikuguswa hata jani, na hilo pia linaniudhi.

Kanisani walifanya ibada ya shukrani. Mwenyekiti akashika Biblia akashukuru Mungu, akashukuru wafadhili, akashukuru kamati kwa hekima ya kuchagua mahali penye mwamba. Nasema tena: hekima ya kamati. Akamshukuru bosi wa Makindu kwa kutuletea wataalamu. Msichana alikuwa ameketi kiti cha nyuma na mikono yenye makovu, na jina lake, ambalo ni langu, halikutamkwa. Wimbo ukaanza. Nikainuka katikati ya ubeti nikatoka nje, na viatu vyangu vilisikika.

Alithibitishwa kazini. Walimpa pikipiki wakampeleka upande wa Kitui, kusimamia kuta nyingi, na wale wanaume wawili wa nondo sasa walimwita madam. Huko ndiko alikoinuka. Mimi nilibaki na kiangazi.

Kilipofika, kila nyumba ilichimba nyuma ya ukuta, na maji yalikuwa karibu, mtoto angeweza kuyafikia. Wanawake walikuwa wanateka mbele ya mlango wangu, nasikia mitungi ikigongana nikiwa kitandani. Mimi nilifunga mtungi wangu mgongoni, nikawapita, nikateremka mpaka kivukoni. Maji yalikuwepo, ila ni mbali, na kurudi ni kupanda.

"Susu, teka hapa," wakaniambia. "Nani atakuona?"

"Mimi nitaona."

Mwenyekiti mwenyewe alinijia siku moja, kofia mkononi. "Mama, yale yalikuwa maneno ya mkutano tu. Sisi si watu wabaya. Teka hapa."

Nikamwuliza, nikiteka hapa leo, kesho atasema mwamba umefuata nani. Akasema mimi nina kichwa kigumu. Nikamwambia apigilie nondo aone.

Halafu msichana akaja kutoka Kitui, vumbi mpaka kwenye nyusi, akanikuta kwenye kilima na mtungi, kamba kwenye paji la uso. Akazima pikipiki.

"Susu, basi sasa. Nimeshathibitishwa. Ile ilikuwa ya kunyamazisha watu."

"Na wamenyamaza?"

"Wamenyamaza."

"Wamenyamaza kwa sababu kila asubuhi wananiona nikipita."

Akatazama chini. Akachokonoa mchanga kwa kiatu. Kisha akaniambia jambo ambalo hakutaka kuniambia. Kule Kitui, kwenye kamati ya kwanza, mzee mmoja alisimama akamwuliza kama ni kweli kuna injinia msichana aliyemwondoa nyanya yake kwenye maji ili ukuta ukae mahali pake. Habari ilikuwa imefika kabla yake. Walipojua ni yeye, hakuna aliyebishana tena kuhusu mahali pa ukuta.

"Ukawaambia nini?"

"Nikawaambia ni kweli."

"Basi usinifanye mimi niwe uongo wako."

Alinyoosha mkono kuchukua mtungi. Nikaukwepesha. Alikuwa na machozi, na mimi machozi huniongezea hasira. Nilimwambia mgongo ni wangu, na hasira ni yangu, na hakuna anayeweza kunisaidia kubeba hata kimoja. Hao watu wa Kitui walikuwa wanamngoja. Nikamwambia awashe pikipiki aende kazini.

Akaiwasha. Nikasimama kando ya njia mpaka apite, maana vumbi lake ni jingi, kisha nikaendelea kupanda.